Meli ambayo Bibi aliikataa

Mama yangu alizaliwa Ujiji mwaka 1955. Mama yake, yaani Bibi, alikuwa Mmanyema aliyeuza dagaa na migebuka ufukweni. Baba yake alikuwa karani Mbelgiji kwenye bandari ya Kigoma. Mtaani kila mtu alilijua hilo, na mgeni asiyejua alimtazama Mama mara moja tu akajua. Waliomwonea huruma walimwita chotara. Waliokasirika walimwita mzungu koko. Wazee wa heshima walisema tu "mtoto wa yule", wakanyamaza.

Kuna kisa kimoja ambacho nyumbani kwetu kilisimuliwa mara nyingi, tena kwa namna mbili. Mwaka 1959 yule karani, akijiandaa kurudi kwao, alimtumia Bibi ujumbe: mtoto apandishwe meli, avuke ziwa hadi Albertville, mji ambao leo unaitwa Kalemie. Huko atapokewa na masista, atasomeshwa, atakuwa mtu. Bibi akakataa. Akamficha Mama kwa dada yake mkubwa, shambani, siku saba nzima, hadi meli ikaondoka. Karani naye akaondoka. Barua haikuja hata moja.

Bibi alipokisimulia kisa hiki alimalizia hivi: "Nilimwokoa mwanangu." Mama alipokisimulia alimalizia hivi: "Alininyima baba." Waligombana kwa jambo hilo mpaka Bibi alipofariki mwaka 1998, mimi nikiwa darasa la tatu. Siku ya mazishi Mama hakulia. Alilia mwaka mmoja baadaye, akichambua mchele, bila mtu yeyote kumwambia kitu.

Nimelelewa na mama mwenye wingu. Ndivyo anavyoita mwenyewe: "Leo nimeamka na wingu." Siku ya wingu hapiki, hafungui dirisha, hajibu salamu. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ni malaria, mara presha, mara kuna mtu kamfanyia kitu. Nilikuwa chuo kikuu wakati daktari mmoja alipolitaja jina lake: sonona. Kisha akaongeza, huku anaandika, kwamba watu waliochanganya damu mara nyingi wana shida hiyo, eti hawajui wawe upande gani. Mama akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikasirika, lakini jibu sikuwa nalo. Alikuwa daktari, mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Jibu nimelipata baada ya miaka mingi, na nimelipata kwenye historia.

Tarehe 2 Desemba 2024 nilikuwa zamu ya jioni chumba cha habari. Ikaingia habari kutoka Brussels: mahakama ya rufaa imeihukumu Serikali ya Ubelgiji kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa kuwateka watoto chotara katika Kongo ya kikoloni. Walioshtaki ni wanawake watano, wote wamevuka miaka 70: Simone Ngalula, Monique Bitu Bingi, Léa Tavares Mujinga, Noëlle Verbeken na Marie-José Loshi. Mhariri akanipa maneno 300. Nikayaandika, nikayatuma, halafu sikuondoka. Nilisoma mpaka saa nane usiku. Kichwani nilikuwa na neno moja tu: Albertville.

Hebu turudi nyuma kidogo, maana bila kurudi nyuma hukumu hii haieleweki.

Mfalme Leopold II alijitwalia Kongo mwaka 1885, na mwaka 1908 ikawa koloni la Ubelgiji. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wabelgiji wakakabidhiwa pia Rwanda na Burundi. Kigoma na Tabora walikuwa wameziteka mwaka 1916. Waingereza walipopewa Tanganyika, Wabelgiji wakabakiziwa eneo la bandari Dar es Salaam na lingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo ipite kwenye reli ya kati. Ndiyo maana Kigoma kulikuwa na makarani wa Kibelgiji. Na ndiyo maana mimi nina babu ambaye hata sura yake siijui.

Wazungu wengi waliokwenda Kongo miaka ya mwanzo walikwenda bila wake. Wakachukua wanawake wa huko, wengine kwa kuelewana na familia, wengine kwa nguvu. Watoto wakazaliwa. Sasa, koloni lilisimama juu ya mstari mmoja: huku Mzungu anayetawala, kule Mwafrika anayetawaliwa. Mtoto chotara alikuwa ushahidi unaotembea kwamba mstari huo unavukwa kila usiku. Watawala waliona aibu, na waliogopa pia. Waliamini kwamba damu ya Kizungu itamfanya mtoto huyo ajione mkubwa, na akibaki kijijini kwa mama yake ataongoza uasi. Dawa waliyoipata ni kumwondoa kijijini.

Walitumia sheria. Katika miaka ya 1890 zilitoka amri zilizoipa serikali ulezi wa watoto yatima na waliotelekezwa, na zilizoruhusu misheni kuwalea. Angalia hila ilipo. Mtoto chotara ambaye baba yake Mzungu hakumkubali alihesabiwa kuwa ametelekezwa. Mama yake yupo hai, ana shamba, ana kaka, ana bibi wa mtoto, na pengine amembeba mgongoni siku ile ile anayochukuliwa. Haidhuru. Kwenye karatasi ametelekezwa. Yaani mama Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mtu anayeweza kuwa na mtoto.

Wale wanawake watano walizaliwa kati ya mwaka 1945 na 1950. Walichukuliwa kabla hawajafika miaka saba, wakapelekwa misheni ya Katende, Kasai. Monique Bitu Bingi alikuwa na miaka minne. Amesimulia kwamba familia yake ilitishwa: msipomtoa mtoto, wanaume wa nyumba hii watapelekwa jeshini. Fikiria kikao cha familia cha usiku huo. Mjomba anaangaliwa na watu wote, mtoto amelala chumba cha pili. Hakuna anayesema "tumtoe". Asubuhi mtoto anatolewa.

Kule misheni waliitwa watoto wa dhambi. Kwenye daftari sehemu ya jina la baba iliandikwa "hajulikani", hata pale alipojulikana na kila mtu. Majina yalibadilishwa, tarehe za kuzaliwa zikabadilishwa. Mwaka 1960 Kongo ilipopata uhuru na vita vikaingia Kasai, masista walihamishwa na watoto wakaachwa nyuma. Wanawake hao wamesimulia jinsi walivyobaki chini ya wanamgambo, na jinsi walivyodhalilishwa. Walikuwa wasichana wa miaka kumi, kumi na mitano.

Kituo kingine kilikuwa Save, kusini mwa Rwanda, mahali ambapo Mapadre Weupe walijenga misheni yao ya kwanza nchini humo mwaka 1900. Masista walikuwa na nyumba ya watoto chotara hapo, waliotoka Rwanda, Burundi na Kivu. Uhuru ulipokaribia, kati ya mwaka 1959 na 1962, karibu watoto 300 wa Save walipakiwa ndege wakapelekwa Ubelgiji. Huko waligawiwa kwa familia na kwenye nyumba za watoto. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa, huyu mji huu, yule mji ule, na wengine walikuja kujuana wakiwa na mvi. Wengi waliambiwa mama zao wamewatupa. Wapo waliofika utu uzima bila cheti cha kuzaliwa, bila utaifa, wakigundua hivyo siku wanapotaka kuoa au kuomba pasipoti.

Nilipofika kwenye mwaka 1959 nilisimama, nikaenda kunywa maji. Mwaka 1959. Meli ya kwenda Albertville. "Atapokewa na masista."

Sasa nirudi kwa yule daktari.

Kauli yake haikuanza kwake. Mwaka 1928 msomi wa Chicago aitwaye Robert Park aliandika juu ya mtu wa pembezoni, mtu anayeishi kwenye mpaka wa jamii mbili bila kuwa wa yoyote. Mwaka 1937 mwanafunzi wake Everett Stonequist akaandika kitabu kizima juu ya mtu huyo, akieleza mgongano wa ndani na wasiwasi unaomwandama, na chotara akawa mfano wake mkubwa. Wazo hilo likapenya vyuoni, kwenye filamu na riwaya, na mwishowe likafika hadi kwenye meza ya daktari wa wilaya aliyekuwa na wagonjwa sitini wa kuwaona kabla ya saa tisa. Chotara ni mgonjwa mtarajiwa. Damu mbili zinapigana ndani yake.

Tangu miaka ya 1990 wasomi wengine, wengi wao wakiwa wenyewe machotara, waligeuza swali. Maria Root, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1993 orodha ya haki za watu wenye asili mchanganyiko. Miongoni mwake ni haki ya kutojieleza kwa kila anayeuliza, na haki ya kujitambulisha tofauti na vile wageni wanavyotarajia. Mwaka 2005 Margaret Shih na Diana Sanchez walikusanya tafiti nyingi zilizokuwa zimefanywa juu ya jambo hili na kuzisoma kwa pamoja. Picha ile ya chotara mwenye huzuni ilitoka zaidi kwenye tafiti za watu waliokwisha kwenda kutafuta tiba. Ukiwauliza watu wa kawaida mtaani, picha inachanganyika: wengine wana shida, wengine hawana, na wengine wanapata nguvu kwa kuwa na kwao kuwili. Kinachoumiza zaidi ni kulazimishwa kuchagua, kukataliwa pande zote, kuambiwa kila siku na watu wengine kwamba wewe si yule unayesema kuwa ni wewe.

Ukiweka hayo pembeni ya mafaili ya Ubelgiji, jambo moja linakuwa wazi. Mtoto wa Katende hakuugua kwa sababu ana damu mbili. Aliondolewa mikononi mwa mama akiwa na miaka minne. Akaambiwa yeye ni dhambi. Jina lake likafutwa. Mtoto mwenye damu moja ukimfanyia hayo ataugua vilevile. Tofauti ni kwamba huyu alifanyiwa hayo kwa sababu ya damu yake, kisha alipougua, damu ileile ikalaumiwa. Aliyempiga ndiye aliyeandika ripoti ya daktari.

Ndiyo maana naona kwamba kesi ya Brussels, pamoja na kuwa kesi ya fidia, ilikuwa pia kesi ya afya ya akili. Tazama walichokuwa wakikipigania machotara hawa kwa miaka: mafaili. Jina la mama, kijiji, tarehe ya kweli, jina la baba ambaye aliandikwa hajulikani. Aliyefungua njia kwa kiasi kikubwa ni mtafiti mmoja, Assumani Budagwa, aliyechimba nyaraka kwa miaka na kutoa kitabu chake mwaka 2014. Mwaka 2017 maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi. Mwaka 2018 bunge likapitisha azimio, na tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel akaomba radhi kwa niaba ya nchi, wazee wakiwa wameketi bungeni wakimsikiliza. Hifadhi ya nyaraka ya taifa ikaanza kazi ya kuwatafutia watu mafaili yao.

Radhi ni jambo moja, haki ni lingine. Wale watano walifungua kesi, na mwaka 2021 wakashindwa. Mahakama ilisema kwamba kwa sheria za wakati ule kitendo hicho hakikuhesabiwa kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wakakata rufaa. Desemba 2024 mahakama ya rufaa ikasema kinyume: uhalifu huo ulikwisha kutambuliwa baada ya hukumu za Nuremberg, hauishi muda wake, na huu ulikuwa mpango wa makusudi wa kuwasaka na kuwachukua watoto wa mama Mwafrika na baba Mzungu kwa sababu tu ya asili yao. Kila mmoja akaamriwa kulipwa euro 50,000. Mimi namba hiyo haikunishtua. Kilichonishtua ni kwamba mahakama imesema, kwa maandishi, kwamba hawa hawakutelekezwa. Walichukuliwa. Kwa mtu aliyeishi miaka 70 akiamini mama yake alimtupa, hilo ni jambo zito kuliko pesa.

Nisije nikaonekana napamba upande wetu wa ziwa. Tanganyika ya Waingereza nayo ilipanga watu kwa rangi: shule za Wazungu, shule za Waasia, shule za Waafrika. Uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na jambo hilo nusura liivunje TANU pale Tabora. Mtu kama Mama alikuwa wapi kwenye karatasi hiyo? Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipofika bungeni, wapo waliotaka uraia uende kwa rangi, na Nyerere aliwakatalia kwa ukali hadi akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Ule msimamo ulimpa Mama kitambulisho bila maswali. Haukumpa utulivu shuleni, ambako mwalimu mmoja alimsimamisha mbele ya darasa aonyeshe jinsi ukoloni ulivyokuwa. Alikuwa na miaka tisa. Ananisimulia hadi leo kwamba ubao ulikuwa na tarehe mbili, ya jana na ya siku hiyo, kwa sababu ndipo alipokuwa amekaza macho.

Kwa hiyo wingu la Mama halikutoka mbinguni, na halikutoka kwenye damu. Lina majina ya watu na lina tarehe.

Wiki ya pili ya Desemba nilipanda basi hadi Kigoma. Jambo hili sikutaka kulisema kwenye simu. Nilimkuta Mama kibarazani anachagua dagaa, paka wawili wanamsubiri. Nikamsimulia kila kitu, taratibu, kuanzia Katende hadi Save hadi mahakamani. Sikumwambia kwamba meli ile ingempeleka kwenye nyumba kama hizo. Siwezi kulithibitisha hilo, na yeye si mtu wa kudanganywa. Nilimwambia tu ni sheria gani ilikuwa inamsubiri mtoto kama yeye ng'ambo ya ziwa mwaka ule.

Alinyamaza muda mrefu. Akauliza, "Hao wanawake, mama zao waliwaona tena?"

Nikamwambia kati ya watoto waliochukuliwa wapo waliowaona, wakubwa tayari, hawana lugha ya kuongea nao. Na wapo waliokuta kaburi.

"Na hao mama zao, nani aliwaambia watoto wamekwenda wapi?"

Hilo sikuwa na jibu lake. Katika yote niliyoyasoma, akina mama ndio waliozungumza kidogo kuliko wote. Wengi walishakufa kabla mtu hajafika kuwauliza. Waswahili tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wazazi hawa hakuna daftari lililouandika uchungu wao.

Mama akaendelea kuchagua dagaa. Kisha akasema, kama anaongea na paka: "Siku saba alikaa bila kwenda sokoni. Biashara yote iliharibika. Nilikuwa nasikia njaa, nikamchukia kwa ile njaa."

Nikadhani sasa atasema ile sentensi niliyosafiri siku nzima na usiku kuisikia, kwamba Bibi alikuwa sahihi. Hakuisema. Alisema, "Lakini baba nilimtaka, mwanangu. Usiandike kwamba sikumtaka."

Sijaandika hivyo. Naandika alivyosema. Mtu anaweza kuwa ameokolewa na akawa amepoteza, vyote kwa siku moja, kwa uamuzi mmoja wa mama mmoja aliyeuza dagaa na asiyejua kusoma. Ule ugomvi wa miaka yote, wa "nilimwokoa" na "alininyima", kumbe wote wawili walikuwa wanasema kweli. Aliyewagombanisha alikuwa ofisini, upande wa pili wa maji, na muhuri wake mezani.

Asubuhi yake Mama aliamka mapema. Sitakudanganya kwamba wingu limekwisha. Bado anameza dawa, bado anakwenda kliniki kila mwezi, siku hizi kwa daktari mwingine, anayemuuliza maswali kabla ya kuandika. Lakini asubuhi ile aliniambia tupite makaburini kabla sijapanda basi. Alichukua ufagio wa nje na kopo la maji. Alifagia kaburi la Bibi lote, akang'oa majani, akamwagia maji, akakaa chini pembeni yake. Nilisimama mbali kidogo. Nilimwona anaongea, mdomo unacheza, mkono mmoja juu ya udongo. Waliyozungumza sikuyasikia, na sikumuuliza.